Mama Bukuru Hakujibiwa

Aliyehusika ni mkuu wa shule. Naliandika hilo mwanzo ili msomaji asilazimike kulitafuta mbele. Sharti lilikuwa lake, alilitangaza mwenyewe mstarini, kibao kilichongwa kwa amri yake, na alipoulizwa baadaye juu ya yaliyotokea getini alikana mbele ya watu wawili, mmoja wao nikiwa mimi. Wa pili katika kuhusika ni mwalimu wa Kiingereza aliyekuwa zamu siku hiyo. Wote wawili wamekwisha kufariki, na sina nia ya kuwasumbua walipolala. Wa tatu ni shule yenyewe, ambayo haikufa pamoja nao. Bado ina geti, kengele na muhuri, na kwa sababu hiyo bado inaweza kujibu. Jina lake silitaji humu. Wanaopaswa kulijua wanalijua, na nakala ya sura hii wamepelekewa.

Nilikuwa afisa utumishi hadi nilipostaafu, na kazi hiyo ilinifundisha kwamba lalamiko lisilotaja mhusika hubaki kuwa nung'uniko. Naandika sasa kwa sababu Butoyi amefariki. Tulimzika kwao Mwamgongo, kaskazini mwa Gombe, mahali ambapo hadi leo mtu hufika kwa boti. Sikulia. Nilitarajia kulia na nilikuwa nimeandaa leso, lakini leso ilirudi Kigoma ikiwa imekunjwa vilevile ilivyotoka kwenye pasi. Nilikaa mkekani karibu na mama yake, mwanamke mzee sana sasa, anayesikia kwa sikio moja, nikatazama dagaa walioanikwa mchangani na watoto waliokuwa wakifukuza kunguru, na nikatambua kwamba nilichokuwa nakifikiria hakikuwa kifo hata kidogo. Nilikuwa nafikiria mwaka mmoja tu, mwaka wetu wa kidato cha kwanza, ambao mimi na Butoyi tulikaa chumba kimoja Ujiji.

Chumba kilikuwa cha uani, katika nyumba ya Maalimu Shabani na mkewe Bi Tatu. Kilikuwa na kitanda kimoja cha kamba, meza iliyotengenezwa kwa kreti la soda, na msumari mmoja tuliotundikia sare zote mbili, yake juu ya yangu. Ukuta haukufika paani. Kila kilichosemwa upande wa pili kilitufikia kana kwamba kimesemwa kitandani, na upande wa pili ilikuwa baraza ambako Maalimu alisomesha watoto wa madrasa kila siku baada ya alasiri. Sisi tulikuwa Wakristo, wapangaji tu, lakini hakuna aliyeona ajabu kwamba tulisikia. Saa hiyo Bi Tatu alikuwa jikoni, harufu ya mawese ikianza kupanda, na sisi tulikuwa kitandani na madaftari yetu, tukimsikia Maalimu akiwafundisha watoto kwamba herufi ina mahali inapozaliwa. Hii huzaliwa kooni, aliwaambia, hii nyuma kabisa ya ulimi, hii kwenye ncha yake meno yakiwa karibu. Kuna neno moja, likisomwa kwa herufi ya nyuma kabisa ya ulimi ni moyo, na likisomwa kwa ile iliyo mbele yake kidogo ni mbwa. "Sasa wewe Hamisi," tulimsikia siku moja akimwambia mtoto, bila hasira, "umesimama mbele ya Mola wako, umemletea mbwa. Mrudishe. Tuletee moyo. Taratibu, hatuna haraka." Watoto wakacheka, Hamisi naye akacheka, akajaribu tena, na tena, mpaka moyo ukaja. Sikuwahi kusikia fimbo katika baraza ile mwaka wote. Nalisema hilo kwa kuwa nilikuwapo.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Mwalimu wa Kiingereza tulimwita Mwalimu wa Jozi, kwa sababu mafundisho yake yote yalikuwa maneno mawili mawili, au zaidi, yanayofanana kwa sauti na kuachana kwa maana. Alisimama mbele yetu amenyoosha suruali yake ya kaki hadi mistari ikasimama, akatamka "hat", akatamka "hut", akatamka "heart", akatamka "hurt", kisha akatuamuru tuyarudishe. Kofia, kibanda, moyo na kuumia, vyote vinne vilitoka vinywani mwetu kama "hati", darasa zima, kana kwamba tumekwenda kuomba viwanja. Hakutueleza tofauti ilikuwa wapi. Alisema tu kwamba iko, kwamba mtu aliyeelimika anaisikia, na kwamba asiyeisikia ana nta masikioni. Sikatai kwamba jozi zile zilikuja kunifaa. Katika kazi yangu nilipokea barua za watu wazima wenye vyeo walioandika "personal" wakikusudia "personnel", na kwa kosa hilo ofisi ya watumishi ikawa, katika barua rasmi, ofisi ya mambo ya mtu binafsi. Nilizirudisha zote. Somo halikuwa baya, na sipendi mtu asome sura hii akadhani ninashitaki lugha.

Ni Butoyi aliyegundua kwamba mafundisho ya Maalimu yangeweza kuvuka ukuta. Alikuwa na kioo kidogo cha mkononi, chenye ufa. Jioni moja alikishika mbele ya mdomo wake, akatamka yale maneno manne polepole, akitafuta kila moja linazaliwa wapi. Kwa "hat" taya lilishuka sana. Kwa "hut" lilishuka kidogo tu na kusimama. Kwa "heart" mdomo ulifunguka hadi nyuma na sauti ikakaa. Kwa "hurt" ulimi ulipanda ukakaa katikati bila kugusa kitu. Alinishika kidevu changu kwa vidole vyake vilivyonuka dagaa, akakishusha mwenyewe, akasema, "Hapo. Ukiachia hapo, ni kofia." Bi Tatu alichungulia kutoka uani na mwiko mkononi, akatukuta tumeachama.

"Nyie, mnataka kumeza kuku mzima?"

"Tunatafuta kofia, Bi Tatu," alisema Butoyi.

"Kofia iko mdomoni?"

"Ya Kizungu iko mdomoni."

"Haya, mkiipata mumpe Maalimu, yake imeliwa na panya. Njooni mle, ugali unapoa."

Tulikula uani, sinia moja, ugali wa muhogo na migebuka, samaki wa ziwani, walioungwa kwa mawese, Bi Tatu akituuliza habari za shule na kucheka kila jibu. Wakati huo Butoyi alikuwa na sauti kubwa kuliko mwili wake. Alikuwa akimwiga Mwalimu wa Jozi, akimwiga nahodha wa boti ya Kibirizi anavyotukana abiria wasiokaa, na zaidi ya wote alikuwa akimwiga pacha wake, Bukuru, aliyebaki Mwamgongo na mama yao. Bukuru alizungumza polepole, na Butoyi alipomwiga alinyamaza kati ya neno na neno hadi Bi Tatu akapiga kelele, "Semaa! Chakula kitaisha!" Sijawahi kumwona Bukuru. Namjua kwa mnyamazo huo tu.

Sasa nieleze sharti. Kuanzia bendera inapopandishwa hadi kengele ya kufunga, mwanafunzi alitakiwa kusema Kiingereza peke yake. Aliyesikika akisema Kiswahili au Kiha alivikwa kibao cha mninga, kipana kama sahani, kwa kamba ya katani iliyokwaruza shingo. Alikaa nacho mpaka amnase mwingine. Aliyekutwa nacho jioni alichapwa, na aliyekutwa nacho jioni tatu katika muhula mmoja alirudishwa kwao. Hayakuwa maneno tu. Kabla ya likizo ya kwanza tulishuhudia wanafunzi wakibeba masanduku yao. Ndiyo maana watu walijifunza kukanyagana vidole kwa makusudi, ili mtu apige kelele kwa lugha ya kwao. Butoyi alikuwa amekwisha kukutwa nacho jioni mbili. Asubuhi ninayoieleza, mguu wake uliangushiwa kona ya dawati, akasema, "Mama yangu!" Akavikwa.

Nilikaa dirishani, na dirisha letu lilitazama geti. Mwalimu wa Jozi, ambaye pia alikuwa zamu, alimtuma Butoyi akalete chaki ofisini. Alipofika katikati ya uwanja nilimwona amesimama. Nje ya geti palikuwa na mwanamke mwenye kitenge kilichofifia, ambaye alikuwa amekwisha kushusha kifurushi chake chini. Sikujua ni nani, kwa maana sikuwa nimewahi kumwona. Kwa Waha wa kule mdogo ndiye huanza kusalimu, kwa kuinama na kupiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa ili sauti iwe nzito, na anayesalimiwa huitikia, na baada ya hapo huulizana kwa zamu habari za nyumba na za shamba. Habari nyingine yoyote husubiri mpaka hayo yakamilike. Anayeleta habari nzito ndiye hufuata utaratibu kwa makini zaidi, kwa sababu kumrushia mtu msiba au ugonjwa kabla ya salamu ni kama kumpiga. Butoyi hakuanza. Basi yule mwanamke akaanza yeye, kama mtu amkumbushaye mtoto mdogo. Aliinama, akapiga makofi, akasubiri. Akapiga tena.

Butoyi aliinua kibao akamwonyesha. Kisha akaweka kidole midomoni. Alinieleza jioni hiyo kwamba alikusudia kusema: nimekatazwa kuzungumza, nisubiri. Kisha akageuka, akaja mbio kuomba ruhusa.

Aliomba mlangoni, kwa Kiingereza, kwamba aruhusiwe kuliacha darasa ili akamwone mama yake. Aliitamka "leave" jinsi inavyotakiwa, ndefu, midomo imevutwa, bila kuiangusha ikawa "live", ile ya kuishi, kama tulivyoiangusha sisi sote kila siku. Ilikuwa sawasawa kabisa. Mwalimu wa Jozi aliweka chini kitabu. Nilikuwa sijawahi kumwona akifurahi. Alimwambia aje mbele, arudie. Akarudia. Akatuambia tumsikilize, kwamba huyu, mwenye kibao shingoni, ametushinda sote. Akamtaka atamke jozi nzima, "leave", "live", "leave", "live", ageukie dirishani ili walio nyuma waone midomo yake. Butoyi alitamka akitazama nje. Mwalimu akatuamuru tupige makofi, tukapiga. Akamtaka atamke zile nne, akazitamka, tukaamriwa tena, tukapiga tena. Madirisha hayakuwa na vioo. Hakuna kilichosemwa au kupigwa katika chumba kile ambacho hakikufika getini.

Aliporuhusiwa, mwanamke hakuwapo. Mlinzi alikuwa mtu wa Tabora, Kiha hakijui. "Nimemwambia kaa, anakuja," alisema, "lakini hanisikilizi, na mimi simwelewi. Kachukua mzigo wake kashuka." Boti ya Mwamgongo huondoka Kibirizi mchana, na Kibirizi ni mbali na shule yetu. Butoyi aliomba ruhusa ya kumfuata. Alikataliwa, kwa sababu alikwisha kupewa moja. Saa ya kutoka alikuwa bado na kibao, hakuwa amejaribu kumnasa mtu, lakini Mwalimu wa Jozi alimvua mwenyewe bila kumchapa wala kuihesabu jioni hiyo, akisema ni zawadi. Tulitembea hadi Ujiji. "Atakuwa amekuja sokoni," alisema njiani. "Jumamosi nitakwenda." Bi Tatu alitupa chakula, Butoyi akala.

Kabla Jumamosi haijafika, Mwajuma, mama mmoja aliyeuza migebuka mlango kwa mlango, aliingia uani kwa Bi Tatu. Tulikuwa chumbani. Butoyi alikuwa na kioo chake mbele ya mdomo. Tulisikia beseni likitua, tukasikia bei, kisha tukasikia Mwajuma akisema, "Na yule mwanafunzi wako wa Mwamgongo, yupo? Mbona hakuwapo kwenye mazishi?"

"Mazishi ya nani?"

"Ya pacha wake, jamani. Yule Bukuru. Si amezikwa jana. Homa imemkaa siku nyingi, anamwita mwenzake tu. Mama mtu kaja mpaka shule kumchukua huyu wako, wanasema kamkataa."

"Punguza sauti, Mwajuma."

"Wanasema kamfanyia hivi na kidole. Nyamaza."

"Mwajuma, nimekuambia punguza sauti. Ukuta huu haufiki juu."

Butoyi hakukiweka kioo chini. Aliendelea kukishika pale pale mbele ya mdomo, na mdomo wake ulikuwa bado umefunguka kwa neno alilokuwa akilitafuta. Maalimu alisitisha darasa. Watoto waliondoka bila ile fujo yao ya kila siku. Bi Tatu aliingia, akakaa kitandani kati yetu, akasema alichopaswa kusema, ingawa tulikwisha kukisikia. Baadaye alileta sinia chumbani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Hakuna aliyenawa. Nakumbuka nikitazama mawese yakiganda kando ya samaki, yakitoka wekundu kwenda rangi ya nta, na nakumbuka nikiwaza kwamba lazima mtu aondoe sahani hii. Sikumbuki hisia nyingine.

Likizo ilipofika nilikwenda naye. Tulipanda boti Kibirizi, tukapita chini ya milima ya Gombe, naye hakumwiga nahodha. Mama Bukuru alikuwa mlangoni kwake akichambua dagaa kwenye ungo. Butoyi alipiga magoti mchangani, akainama, akapiga makofi, akasema, "Mwakeye, mama." Nilihesabu pumzi zangu. Mama yake alitazama juu, na akajibu kwa Kiswahili, lugha ambayo aliizungumza kwa taabu na ambayo hakuwahi kuitumia kwa mtoto wake.

"Karibuni, wageni. Kaeni."

"Mama, ni mimi."

"Nimekuona. Karibu."

Butoyi alianza kueleza kwa Kiha, ambacho mimi nakisikia ingawa sikizungumzi vizuri. Alieleza sharti, bendera na kengele, jioni mbili na ile ya tatu. Mama yake aliendelea kuchambua, akiendelea na Kiswahili chake.

"Sheria ya kutojibu mama," alisema. "Hata magereza, watu wanasalimiana."

"Ndiyo sheria, mama. Kweli."

"Na lile libao shingoni, si cheo?"

"Ni adhabu."

"Adhabu." Alitupa dagaa mmoja pembeni. "Mtu ana adhabu, wanampigia makofi?"

Mimi nilisema, "Shikamoo mama. Ni kweli anayosema, mimi nasoma naye." Aliniitikia marahaba kwa upole, akaniuliza habari za nyumbani, akanipa maji. Nilikuwa mgeni kweli, na kwangu utaratibu ulikamilika. Usiku huo tulilala tulipoonyeshwa, na asubuhi tukafungiwa dagaa wa kurudi nao, vifurushi viwili vilivyolingana.

Kwa hiyo shule ilipofunguliwa tulikwenda wawili kwa mkuu wa shule. Ofisi yake ilikuwa na zulia dogo chini ya meza, na sisi tulisimama kwenye saruji. Butoyi aliomba kwa Kiingereza kilichonyooka kuliko cha mwanafunzi yeyote wa darasa letu kwamba mkuu, au mwalimu yeyote atakayemteua, afike Mwamgongo amwambie mama yake kwamba sharti lilikuwapo. Hakuomba liondolewe. Hakudai pole. Aliomba lithibitishwe. Mkuu wa shule alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema hakuna aliyewahi kumkataza mtoto kumsalimu mzazi wake. Sharti, alisema, ni la wanafunzi kwa wanafunzi, jambo hilo liko wazi, na Butoyi alipaswa kutumia akili. Halikuwa wazi. Lilisomwa mstarini mbele yetu sote na halikuwa na neno "mzazi" ndani yake. Nilimwambia hivyo. Alinitazama kwa mara ya kwanza, akasema kwamba mkuu wa shule hapandi boti kwa ajili ya salamu, na akatuambia tufunge mlango tukitoka.

Butoyi alibaki shuleni hadi kidato cha nne. Kibao hakikumkuta tena, kwa sababu tangu siku hiyo alisema yale tu yaliyolazimu, katika lugha yoyote. Kioo alimpa Hamisi wa madrasa. Bi Tatu aliacha kucheka tulipokula, akawa anazungumza peke yake ili sinia lisikae kimya. Baadaye Butoyi akawa muuguzi, na miaka mingi ya utumishi wake ilikuwa katika zahanati moja ya Kidahwe, barabara ya Kasulu. Nilipata kumtembelea huko nikiwa kazini. Foleni ilifika nje, na yeye kila alipoingiziwa bibi au babu alisimama, akainama, akapiga makofi, akaulizia nyumba na shamba, akangoja majibu yote, ndipo akauliza kinachouma. Wenzake walimlalamikia kwamba anachelewesha kazi. Lalamiko liliandikwa, likaletwa ofisini kwetu, na mimi nikaliandikia kwamba halina msingi. Mwamgongo alikwenda kila likizo. Alimjengea mama yake nyumba ya bati, alimpeleka hospitali, alimvisha. Kila alipofika alipiga magoti mchangani na kusalimu kwa Kiha, na kila mara aliitikiwa kwa Kiswahili, karibu mgeni. Nilimwuliza mara moja inakuwaje. "Nimezoea," alisema, na aliposema hivyo uso wake haukuonyesha chochote, kama jinsi wangu usivyoonyesha chochote ninapoandika maneno haya.

Siku ya mazishi, watu walipoanza kushuka kwenda kwenye boti, Mama Bukuru alinishika mkono.

"Wewe ulisoma naye," alisema. "Nakukumbuka. Ulikunywa maji."

"Ndiyo, mama."

"Ile sheria. Ilikuwapo?"

"Ilikuwapo, mama. Nilikuambia siku ile."

"Uliniambia. Lakini wewe rafiki yake. Rafiki anasema tu." Alinyamaza, mnyamazo mrefu kati ya neno na neno, na nikatambua kwamba mnyamazo huo nilikwisha kuusikia Ujiji, uani, kinywani mwa mtoto aliyeiga. "Mwenye shule hakuja. Kama ilikuwapo, mbona hakuja kusema? Na mimi sasa nimezika wote wawili. Nataka kujua kama huyu alinikataa. Aje mwenye shule, aseme."

Nilikwenda shuleni wiki iliyofuata. Mkuu wa sasa ni kijana mwenye adabu. Aliniamkia shikamoo, akanipa kiti, akanisikiliza. Alisema anasikitika sana, lakini katika ofisi yake hakuna kumbukumbu yoyote ya sharti la namna hiyo, na kwa hiyo shule haiwezi kuthibitisha jambo isilokuwa na kumbukumbu yake. Wakati akisema hayo, msichana wa kidato cha kwanza alipita barazani akiwa na kadi ya plastiki shingoni, yenye utepe wa bluu. Niliuliza ni nini. "Hiyo ni motisha tu, mama," alisema, "ya kuwasaidia wazungumze Kiingereza." Niliuliza kama mtoto mwenye motisha hiyo anaruhusiwa kumjibu mama yake getini kwa lugha ya mama yake. Alisema suala hilo halijawahi kujitokeza. Nilimweleza kwamba limejitokeza, na kwamba mimi ndiye kumbukumbu yake.

Kwa hiyo, kwa shule hiyo, kwa mkuu wake na kwa bodi yake, natoa madai mawili, na nayatoa kwa maandishi ili isisemwe tena kwamba hayakuwahi kutolewa. Sidai fidia, wala sidai sherehe ya kuombana radhi. Nadai kwamba kadi ile ishuke shingoni mwa mtoto yule. Na nadai kwamba mtu mmoja mwenye mamlaka ya kuisemea shule apande boti Kibirizi kwa ajili ya salamu, ashuke Mwamgongo, aende hadi mlangoni kwa Mama Bukuru wakati angali anasikia kwa sikio lake la kulia. Apige magoti mchangani. Apige makofi, viganja vimekunjwa. Aulizie nyumba na shamba. Kisha aseme kwa sauti inayofika kwamba sharti lilikuwapo, kwamba lilikuwa letu, na kwamba mtoto wake hakumkataa na hakusema uongo. Asianze na habari kabla ya kuitikiwa. Na asipoitikiwa upesi, asigeuke. Asubiri, kama yeye alivyosubiri getini.